Mjane kati ya ukoo na kijiji: uchambuzi wa kisa cha mirathi ya mfugaji mkoani Lindi

Mwezi haujaisha tangu msiba, mama huyu alikuwa ameshaambiwa mara mbili kwamba hana chake. Shemeji yake, aliyesafiri kutoka Manyara kuja kuzika, alisema ng'ombe ni wa ukoo. Mwenyekiti wa kijiji alisema shamba ni la kijiji. Mmoja alitaja mila, mwingine alitaja utaratibu. Mjane mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria, watendaji wa vijiji na kata, na mtu yeyote anayekutana na mirathi za watu wa jamii ndogo wanaoishi ugenini. Majina si ya kweli, wilaya na kijiji havitajwi, na baadhi ya tarakimu zimesogezwa ili wahusika wasitambulike. Mpangilio wa matukio haukuguswa. Mjane tutamwita Mama Gidamis, marehemu mumewe Baba Gidamis, na ndugu wa marehemu tutamwita Shemeji.

## Usuli

Marehemu alizaliwa Hanang katika jamii ya Wabarabaigi, ambao ni tawi la Wadatoga. Huku Kusini wengi huwaita Wamang'ati, jina wasilolipenda, kwa hiyo hapa halitatumika tena. Familia yao iliondoka Hanang katika miaka ambayo malisho bora ya nyanda zile yaligeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, mradi uliosaidiwa na Kanada na ukafikia takriban ekari 100,000. Wanakijiji wa Mulbadaw waliupinga mahakamani. Walishinda Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo mwaka 1985. Moja ya sababu ilikuwa kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati ule. Wafugaji ambao mababu zao walizikwa kwenye nyanda zile walishindwa kwa sababu faili lao halikuonyesha kuwa ni wenyeji. Tutalirudia jambo hili, maana ndilo lililoamua namna tulivyopanga ushahidi wa mama huyu.

Kutoka Hanang familia ilihamia bonde la Usangu. Mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji Usangu na Ihefu ili kunusuru maji ya Ruaha Mkuu, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Baba Gidamis alivuka Rufiji akiwa na mke kijana, mtoto mmoja mgongoni na mifugo iliyonusurika safari. Halmashauri ya kijiji ikampokea na kumpa ekari 12 pembezoni mwa kijiji. Muhtasari uliandikwa, ukasainiwa, ukapigwa mhuri. Lakini jambo hilo halikupelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano huo. Kasoro hiyo ililala faili moja na muhtasari kwa zaidi ya miaka 10.

Wenyeji wa kijiji wengi wao ni Wamwera. Msomaji wa Kusini hahitaji kuelezwa, ila kwa wengine: kwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamke hurithi shamba kwa mama yake, na mali ya mwanamume kwa desturi ya zamani huenda kwa wapwa zake. Wabarabaigi ni kinyume chake, kwao ukoo ni wa baba. Kwa hiyo mama huyu aliishi akiwa wa jamii ndogo kwa maana mbili: kabila lake ni dogo kijijini, na sheria ya ukoo wake ni ngeni kwa majirani.

## Mali iliyoachwa

Marehemu hakuacha wosia. Aliacha ng'ombe 62, nyumba ya bati ya vyumba vitatu, pikipiki, na zile ekari 12 ambazo nusu yake alikuwa akilima ufuta na mahindi. Ufuta aliuza kupitia chama cha msingi kwa stakabadhi ghalani kama wakulima wenzake, na risiti alizitunza kwenye mfuko wa plastiki juu ya kenchi. Watoto walikuwa wanne, wasichana wawili na wavulana wawili, mkubwa wao akiwa binti wa miaka 15.

## Yaliyotokea

Baada ya mazishi, wanaume wa ukoo walikaa kikao. Shemeji alitangaza mambo matatu: ng'ombe wote watahesabiwa na kupelekwa Manyara, wavulana watakwenda na ng'ombe, na mjane aidha atarithiwa naye au atarudi kwa baba yake. Siku chache baadaye ng'ombe wanane walionekana mnadani. Mvulana wa miaka 11 alichukuliwa akachunge, na shule ikaishia hapo.

Wakati huohuo halmashauri ya kijiji ilikaa. Hoja iliyoandikwa kwenye ajenda ilisema shamba alipewa marehemu "kama mgeni", na kwa kuwa amefariki, linarudi kijijini ligawiwe upya. Bei ya ufuta ilikuwa nzuri msimu ule, na kila mtu alijua nani analitaka shamba lile.

Mama Gidamis alikwenda kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akampa namba ya msaidizi wa kisheria, kijana wa kata ya jirani, ambaye alimpokea na kuniletea jalada.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuandika mali. Kijana alikuja na karatasi yenye safu tatu: madume, majike, ndama. Mama aliitazama, akaiweka chini, akaanza kutaja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi na kwa mama yake. Huyu mwekundu mwenye baka tumboni ni mtoto wa yule mweusi niliyepewa na baba yangu siku naolewa. Amezaa mara tatu. Mmoja tulimchinja msibani, mmoja yuko kwa rafiki wa mume wangu kule ng'ambo ya mto, wa tatu ndiye yule anajikuna shingo kwenye mti. Yule mwenye pembe iliyopinda alinunuliwa kwa pesa ya ufuta, muulizeni jirani, alikuwepo. Binti yake mkubwa alitafsiri pale Kiswahili cha mama kilipokwama. Asubuhi nzima ilikwisha na kurasa kadhaa za daftari zikajaa. Zilipopangwa upya, ng'ombe 19 walionekana kutokana na wale aliopewa na baba yake na ndugu zake alipoolewa, na hao kwa desturi ya Wabarabaigi wenyewe ni wake, si wa mume.

Hesabu ile ndiyo iliyobeba kisa kizima. Safu tatu za madume, majike na ndama zingempa Shemeji ng'ombe 62 wasio na historia.

## Maamuzi na sababu zake

Mirathi kwanza, shamba baadaye. Palikuwa na vishawishi vya kwenda polisi kuhusu ng'ombe waliouzwa, au Baraza la Kata kuhusu shamba. Tuliacha vyote viwili. Polisi wangeuliza mwenye mali ni nani, na jibu la kisheria lilikuwa: marehemu. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, haliamui. Mpaka awepo msimamizi wa mirathi, hakuna mwenye sauti ya kudai mali ya marehemu. Maombi yakapelekwa mahakama ya mwanzo, pamoja na ombi la kuzuia mali isiguswe hadi shauri liishe. Nakala ya zuio ilipelekwa kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa mifugo, kwa sababu ng'ombe hawasafiri kihalali bila kibali, na kibali huanzia kwenye meza hizo. Katika karatasi zote zilizoandikwa kwenye shauri hili, ile nakala kwa afisa mifugo ndiyo iliyozuia hasara kubwa zaidi.

Mahakama iliomba muhtasari wa kikao cha ukoo unaompendekeza msimamizi. Kikao cha Shemeji kisingempendekeza mjane hata kidogo. Hapo ndipo wazee wa Kibarabaigi wanaoishi Lindi, rika la marehemu, walipoombwa kukaa kikao chao. Walikaa, lakini walisita kuandika lolote kabla wanawake hawajasema.

Mila ipi, na inasemwa na nani. Shemeji aliweka pingamizi mahakamani kwa hoja kwamba marehemu alikuwa Mbarabaigi na mila ya Kibarabaigi haimpi mjane kitu. Alikuwa na sheria iliyoandikwa nyuma yake. Tangazo la Serikali namba 436 la 1963, lililokusanya sheria za mila za urithi kwa makabila ya ukoo wa baba, linasema katika kanuni ya 27 kwamba mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza.

Tungeweza kuijibu hoja hiyo kwa Katiba na mikataba peke yake. Tuliamua kuanza na mila yenyewe. Wabarabaigi wana baraza la wanawake, lenye mamlaka ya kumshitaki na kumtoza faini mwanamume aliyewakosea wanawake, na wanaume huliheshimu. Wataalamu wa elimu ya jamii wameliandika tangu miaka ya 1960. Mama wa rika la mama yake Mama Gidamis waliitana, wakakaa chini ya mti wao, wanaume wakakatazwa kusogea, msaidizi wetu akiwemo. Tulichokijua ni uamuzi tu: Shemeji amekosa kwa kugusa ng'ombe wa mwanamke, na atatoa dume la faini. Baada ya hapo wazee waliandika muhtasari wao bila kusita.

Kijijini tuseme nini. Hapa palikuwa na mjadala mrefu baina yetu. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kupitia kikundi chake cha kazi, inawataja Wabarabaigi miongoni mwa watu wa asili wa Tanzania pamoja na Wahadzabe, Waakie na Wamasai. Serikali kwa upande wake imekuwa ikishikilia kwamba Watanzania wote wa asili ya Afrika ni wenyeji wa nchi hii. Mmoja wetu alitaka barua kwa kijiji itaje haki za watu wa asili. Nilikataa, na bado nadhani ilikuwa sahihi kukataa. Mbele ya mkutano wa wakulima ambao mihogo yao imeshawahi kuliwa na ng'ombe, hoja ya "jamii ya pekee" ingesikika kama ombi la upendeleo, na mama angekuwa mgeni zaidi kuliko alivyokuwa asubuhi.

Tukachagua neno moja la sheria ya nchi: mwanakijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inamtaja kuwa mtu anayeishi kijijini kwa kawaida, au aliyetambuliwa hivyo na halmashauri ya kijiji. Haiulizi kabila. Na kwa kuukumbuka ule mkasa wa Mulbadaw, hatukuacha jambo hilo lichukuliwe kuwa linajulikana. Ule mfuko wa juu ya kenchi ulishushwa: risiti za mchango wa darasa na zahanati, stakabadhi za ufuta, kadi za kliniki za watoto watatu waliozaliwa hapohapo, na ukurasa wa rejista ya wakazi wenye majina ya mume na mke.

Tulikwepa pia kukipeleka kijiji mahakamani. Tangu marekebisho ya 2020, kuishitaki halmashauri ya kijiji kunahitaji notisi ya siku 90, kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi kufunguliwa Mahakama Kuu. Mjane mwenye watoto wanne haendi huko kama kuna njia nyingine. Njia nyingine ilikuwa mkutano mkuu uleule uliorukwa wakati shamba linagawiwa.

## Mkutano mkuu

Mkutano ulifanyika chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alisoma ajenda, akaeleza kwamba ugawaji wa awali haukufuata taratibu kwa kuwa haukupitishwa na mkutano. Alikuwa sahihi. Msaidizi wa kisheria alikubali kasoro hiyo na kuomba mkutano uirekebishe kwa kupitisha leo kilichopaswa kupitishwa siku ile. Akasoma kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kinachobatilisha kanuni au uamuzi wowote wa kimila unaowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu kumiliki na kutumia ardhi.

Watu walisikiliza, lakini hakuna aliyeguswa sana na kifungu. Aliyegeuza mkutano ni bibi mmoja wa Kimwera, mwenye mikorosho aliyorithi kwa mama yake. Alisimama taratibu akasema: "Mwenyekiti, huyu mama tumechota naye maji miaka yote hii. Mwanangu alipojifungua usiku, pikipiki ya mumewe ndiyo iliyompeleka. Leo mume kafa, ndiyo yeye kawa mgeni? Kwetu hapa mwanamke ananyang'anywa shamba tangu lini?" Wanawake wakapiga vigelegele. Wanaume kadhaa walicheka kicheko cha aibu.

Nisieleweke vibaya: ukoo wa mama si pepo. Katika vijiji hivihivi nimeona watoto wakitolewa kwenye mikorosho aliyopanda baba yao kwa sababu wapwa wa marehemu wamekuja kudai. Ila siku ile desturi ya wenyeji ilikuwa upande wa haki, na ingekuwa ujinga kutoitumia.

Mkutano ulipitisha ekari 8. Ekari 4 zilizo karibu na lambo zilibaki kwa kijiji kwa ajili ya njia ya kunyweshea mifugo.

## Matokeo

Mahakama ya mwanzo iliwateua wasimamizi wawili kwa pamoja: Mama Gidamis na mzee mmoja wa rika la marehemu. Shemeji aliondoa pingamizi baada ya baraza la wanawake kuketi, ingawa alisema mbele ya hakimu kwamba anafanya hivyo kwa heshima ya mama zake na si kwa kukubali kosa. Kwenye fomu namba 5 ya orodha ya mali, ng'ombe 19 wa mjane hawakuingizwa kabisa, kwa kuwa si mali ya marehemu. Wanane waliouzwa walihesabiwa kuwa Shemeji ameshapokea, akarudisha pesa ya watatu. Waliobaki waligawanywa kwa watoto, chini ya uangalizi wa mama. Mtoto aliyepelekwa kuchunga alirudi baada ya muhula mmoja, kwa msaada wa afisa ustawi wa jamii aliyetumia Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake.

Mama hakurithiwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka na kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Shemeji alisomewa maneno hayo mara moja tu, hakuuliza tena.

Maombi ya hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake yamepelekwa. Hati bado haijatoka, kwa sababu mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji haujakamilika.

## Uchambuzi

### Haki ya jamii ndogo inavunjwa kutoka pande mbili

Kosa la kawaida katika mashauri ya namna hii ni kuchagua upande mmoja. Wanaotetea jamii ndogo huitazama serikali ya kijiji tu na kuuacha ukoo ufanye utakavyo kwa jina la utamaduni. Wanaotetea wanawake huuona ukoo tu, wakasahau kwamba mwanamke huyohuyo akishinda ukoo, kijiji kinamngoja kwa neno "mgeni". Mama Gidamis alihitaji ulinzi wa pande zote mbili katika mwezi uleule, na sheria ya kimataifa inautoa pande zote mbili ikisomwa kwa ukamilifu.

Kwa upande wa kijiji, kifungu kinachofaa zaidi ni cha 5 cha Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Ubaguzi wa Rangi wa 1965, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1972. Mkataba huo unaitaja haki ya kumiliki mali, peke yako au pamoja na wengine, na unaitaja haki ya kurithi kwa jina lake, bila ubaguzi wa rangi, nasaba au asili ya kitaifa au kikabila. Shamba ambalo mjane wa Kimwera angeachiwa, na mjane wa Kibarabaigi akanyimwa kwa kuitwa mgeni, linaingia humo moja kwa moja.

Kwa upande wa ukoo, kifungu cha 27 cha Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 kinawalinda watu wa jamii ndogo wafaidi utamaduni wao pamoja na wenzao. Shemeji angeweza kukisoma kifungu hicho kwa faida yake. Lakini Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa imeshasema, katika Maoni ya Jumla namba 28 ya mwaka 2000, kwamba kifungu cha 27 hakimpi mtu wala kikundi idhini ya kuvunja usawa wa wanawake. Mapema zaidi, mwaka 1981, Kamati hiyo iliamua shauri la Sandra Lovelace wa Kanada, mwanamke wa jamii ya Maliseet aliyepoteza hadhi yake ya kisheria, na pamoja nayo haki ya kuishi kwenye ardhi ya watu wake, kwa kuolewa na mtu wa nje. Mwanaume aliyeoa nje hakupoteza kitu. Kamati iliona kifungu cha 27 kimevunjwa, na aliyevunjiwa ni mwanamke mmoja ndani ya jamii ndogo.

Shauri jingine lililotusaidia kufikiri ni la Molla Sali dhidi ya Ugiriki, lililoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu Desemba 2018. Mwislamu wa jamii ndogo ya Thrace aliandika wosia kwa sheria ya kiraia ya Ugiriki, akamwachia mkewe mali yote. Alipofariki mwaka 2008, dada zake walidai kwamba kwa kuwa alikuwa wa jamii hiyo, mirathi lazima ifuate sharia. Mahakama za Ugiriki ziliwakubalia, na mjane akapoteza robo tatu ya mali. Mahakama ya Ulaya ilisema huo ni ubaguzi: mtu hawezi kulazimishwa na dola kubeba sheria ya jamii yake ndogo pale ambapo yeye amechagua sheria ya wote. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu. Lakini hoja yake ni ileile tunayoijua Tanzania katika kuangalia maisha na nia ya marehemu ili kujua sheria gani itawale mirathi yake. Baba Gidamis hakuandika wosia, lakini aliuza ufuta kwa chama cha msingi, aliandikishwa kijijini na alinunua ng'ombe wengine kwa pesa ya shamba walilolima pamoja na mkewe.

### Mila ilivyosemwa na upande mmoja

Funzo kubwa la kisa hiki kwangu liko hapa. Pingamizi la Shemeji lilileta mila kama ilivyo kwenye tangazo la 1963: ya wanaume, imenyooka, haina baraza la wanawake wala ng'ombe wa mke. Baraza lipo, na ng'ombe wa mke wapo. Kama tungemjibu kwa mikataba tu, tungekuwa tumekubali kwamba mila ni hiyo anayoisema yeye, kisha tukaomba mahakama iikatae. Tungeshinda pengine, na mama angeendelea kuishi kati ya watu wake akiwa mtu aliyeshitaki mila. Mashahidi wa mila wanapoitwa, wanawake nao waitwe.

### Mikataba ilifanya kazi gani hasa

Hakimu hakutaja mkataba hata mmoja, na hatukutarajia ataje. Mikataba haiingii mahakamani Tanzania kwa miguu yake. Husaidia kuisoma Katiba. Njia hiyo ilifunguliwa na Jaji Mwalusanya katika shauri la Holaria Pastory, Mwanza, aliponukuu mikataba ya kimataifa kuona kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo ilikuwa ya kibaguzi. Kwa hiyo tuliandika ukurasa mmoja tu: Katiba kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kisha Itifaki ya Maputo ya 2003, ile ya haki za wanawake Afrika, ambayo Tanzania iliridhia mwaka 2007. Kifungu chake cha 21 kinampa mjane fungu la haki katika mali ya mumewe na haki ya kubaki kwenye nyumba ya ndoa. Ukurasa huo haukushinda shauri. Ulimfanya hakimu asiichukulie kanuni ya 27 ya tangazo la 1963 kuwa neno la mwisho, na mzee wa rika la marehemu aliusoma mara mbili kabla ya kukubali kuwa msimamizi mwenza.

### Kilichoshindikana

Wasichana walipata ng'ombe wachache kuliko kaka zao. Itifaki ya Maputo inataka wanawake na wanaume warithi mali ya wazazi wao kwa mafungu ya haki. Wazee walikataa kabisa, na mama mwenyewe aliomba tusilisukume, akihofia muhtasari wao usije ukarudishwa nyuma. Alikuwa na haki ya kuamua vita vipi apigane. Lakini wasichana wale hawakuwa na mwakilishi wao kwenye kikao, na binti mkubwa, aliyetafsiri orodha nzima ya ng'ombe, ndiye aliyejua hesabu kuliko wote waliogawana.

Ng'ombe watano hawakulipwa. Ekari 4 zilipotea kwa kasoro ya muhtasari wa miaka ile. Familia nyingi za wafugaji Lindi zina muhtasari wa namna hiyohiyo, na si lazima asubiriwe mtu afe ndipo upelekwe kwenye mkutano mkuu.

### Kama mkutano ungekataa

Tulikuwa tumejiandaa. Baada ya notisi, Mahakama Kuu na Rufani, njia za nje si nyingi kama wengi wanavyodhani. Mkataba unaotaja urithi na kabila kwa uwazi zaidi, ule wa 1965, haumpi Mtanzania nafasi ya kulalamika binafsi, kwa sababu Tanzania haijatoa tamko linalohitajika. Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa nayo haijaridhiwa. Mahakama ya Afrika ipo Arusha, lakini tangu Novemba 2020 mtu binafsi hawezi kuifikia moja kwa moja dhidi ya Tanzania, baada ya nchi kuondoa tamko lake. Inabaki Tume ya Afrika, yenye makao Banjul, na Kamati ya CEDAW, ile ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, inayokaa Geneva, kwa kuwa Tanzania iliridhia Itifaki ya Hiari ya CEDAW mwaka 2006.

Kamati hiyo imeshaamua shauri la wajane wawili wa Kisukuma wa Shinyanga dhidi ya Tanzania. Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni za tangazo la 1963 ni za kibaguzi, ila ikakataa kuzifuta, ikihofia kwamba mila za makabila yote zingefuata njia hiyo. Rufaa ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya hati. Kamati ilitoa uamuzi Machi 2015, ikaona haki zao zimevunjwa, ikataka walipwe fidia na sheria irekebishwe. Waume zao walikuwa wamefariki miaka mingi kabla.

Kwa hiyo Mama Gidamis angefika Geneva kama mwanamke. Mume wake, kama angenyang'anywa shamba hilohilo akiwa hai, angebaki na Banjul. Kote huko swali la kwanza ni kama njia za ndani zimemalizwa, na jibu huwa kwenye karatasi. Jalada lake kwa sasa lina nakala mbili za kila kitu: moja iko kwetu, nyingine iko kwenye mfuko wa plastiki juu ya kenchi.